Mikaratusi ya Mzee Nguzo

Kijitabu kilitoka kwa mpiga chapa kikiwa bado kinanuka wino, na mhudumu wa ofisi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukifungua. Alilamba kidole, akapekua kurasa mbili tatu, alipofika katikati akasita.

"Bibi Shamba," aliita, "hapa si kwenu?"

Aliyeitwa hakuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa sakafuni akiunga mipira ya umwagiliaji wa matone, ile ya kuonyeshea wakulima, na kiungio kimoja kilikuwa kimekataa katakata kuingia.

"Ni mchoro tu," alisema.

"Mchoro ndiyo. Lakini hili banda lililolala upande nalijua. Niliwahi kujikinga mvua pale."

Kijitabu kilihusu utunzaji wa vyanzo vya maji mashambani. Kilieleza makinga maji, matandazo, mbolea ya kuozesha, namna ya kuvuna maji ya bati. Katikati palikuwa na michoro miwili iliyotazamana. Upande wa kulia, chemchemi iliyojaa, imezungukwa na miti ya asili na uzio. Upande wa kushoto, chemchemi ileile ikitoa uzi wa maji, juu yake mteremko uliojaa mikaratusi, na pembeni ya mikaratusi nyumba yenye banda lililoinama kama mlevi anayetafuta ukuta. Chini ya mchoro wa kushoto yaliandikwa maneno mawili: Usifanye hivi.

Mchoraji alikuwa mgeni. Bibi Shamba mwenyewe ndiye aliyemwelekeza bondeni, akamwambia atafute chemchemi yoyote, naye akaenda akarudi na alichokiona. Rasimu ilipofika mezani, Bibi Shamba aliitazama kitambo. Alilitambua banda. Aliitambua hata ghala isiyokuwa na mlango. Alishika kalamu aandike kwamba mchoro huu ubadilishwe, mara wakaingia akina mama na kuku wao wanaokohoa, na walipoondoka akatia sahihi. Baadaye alijiambia kwamba mchoro ulikuwa mzuri, na kweli ulikuwa mzuri.

Jina la Bibi Shamba alipewa na kazi, likamganda hata nyumbani. Baba yake naye alikuwa na lake: Mzee Nguzo. Nusu ya mapaa ya bonde lile yalishikiliwa na miti yake. Shule ilisimama juu ya nguzo zake, vibanda vya sokoni vilisimama juu ya nguzo zake, na yeye alipopita njiani alikuwa na tabia ya kupiga nguzo konzi moja, kama mtu anayemsalimia mtoto wake. Mikaratusi aliipanda juu ya chemchemi Bibi Shamba akiwa bado anabebwa mgongoni. Waliokaa chini ya chemchemi, akiwemo dada yake Mzee Nguzo aliyeolewa ng'ambo ya kijito, waliteka maji pale. Miaka ya karibuni walikuwa wanateka kwa subira. Dumu moja lilichukua muda mrefu kiasi kwamba wanawake walikwenda na maharage ya kuchambua.

Vijitabu viligawiwa kwa vikundi vya wakulima, na kabla juma halijaisha kimoja kilikuwa kimefika kwenye foleni ya chemchemi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kilipita mkono kwa mkono, watu wakitazama karatasi, kisha wakiinua macho mlimani, kisha wakitazama tena karatasi.

Shangazi ndiye aliyempigia Bibi Shamba simu.

"Mwanangu, umemchora kaka yangu."

"Si mimi niliyechora, shangazi."

"Basi umemchoresha."

"Amekiona?"

"Amekiona. Amevaa miwani akakisoma chote, hata pale pa kuozesha majani. Halafu akaenda kulala. Mchana. Unamjua baba yako, yeye na usingizi wa mchana wapi na wapi."

Siku chache baadaye Mzee Nguzo alikuja ofisini. Alivaa koti, akafika, akakaa kwenye benchi la wanaosubiri, nyuma ya mtu aliyekuja kuulizia dawa ya viwavi. Mhudumu alitaka kumpitisha mbele. Alikataa kwa kiganja. Zamu yake ilipofika akaingia, akavuta kiti, akakaa kama anavyokaa mtu asiye na haraka na asiyetaka chai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Naomba kile kitabu cha chemchemi."

"Si unacho?"

"Ninacho cha mwenyekiti wa kamati ya maji. Anakitaka. Mimi nataka changu."

Akampa. Mzee akakifungua palepale katikati, akakiweka juu ya meza baina yao.

"Banda limetoka vizuri," alisema.

"Baba, habari ya ile miti nilikwambia. Tena si mara moja."

"Uliniambia."

"Ukawa unapandisha sauti ya redio."

"Nilipandisha." Hakubisha hata kidogo. "Mtu na baba yake wanaweza kubishana mpaka mmoja azikwe, wala hakuna ubaya. Huko ni nyumbani. Lakini kuniambia ni kitu kimoja, na kunitia kwenye kitabu watu wanioneshe kidole ni kitu kingine. Jana mtoto wa shule kanisalimia, halafu kacheka."

Bibi Shamba aliangalia mikono yake. Alijua kwamba akijitia kusema litatoka la semina.

"Unajua nani alinipa ile miche?" baba yake aliuliza.

"Hapana."

"Bwana shamba. Alikaa hapo ulipokaa, ila meza ilikuwa nyingine. Pale kwetu palikuwa kinamasi. Mbu usiseme. Mama yako homa haimwachi, ikitoka leo inarudi kesho. Bwana shamba akaja na gari la serikali limejaa miche, akasema huu mti unakunywa maji, upande hapa kinamasi kikauke. Nikapanda. Kikakauka. Mama yako akapona. Nikapewa toroli mbele ya watu, wakanipigia makofi."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Ulikuja na jibu tayari." Alikifunga kijitabu, akakitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. "Sasa nakuuliza, na si kwa ubishi. Atakayekaa hapo baada yako, naye atakuja na lipi?"

Nje watu walikuwa wanasogeza benchi. Bibi Shamba alifikiria takwimu alizokuwa nazo kabatini, alifikiria ramani za maji ya ardhini, na zote zilikuwa sahihi, na hakuna hata moja iliyojibu alichoulizwa.

"Sijui, baba," alisema. "Tunajua zaidi kidogo kuliko wakati ule. Lakini hilo silijui."

"Haya," alisema Mzee Nguzo, akainuka. Mlangoni alimsalimia mhudumu kwa heshima zote, akaenda zake.

Kaka yake Bibi Shamba hakuwa mpole hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa akiuza nguzo siku hizi, baba akibaki na jina tu. Alimkuta dada yake kituo cha magari, akasimama mbele yake bila salamu.

"Umetuvua nguo," alisema.

"Maji yanakwisha, kaka."

"Maji yanakwisha kila mahali. Waliochorwa ni sisi." Akatema mate pembeni, si kwa dharau bali kwa kukosa neno lingine, akaondoka. Tangu siku hiyo akawa anampita kama anapita mti, naye alikuwa mtu anayejua kupita miti.

Kamati ya maji iliitisha mkutano palepale chemchemini. Mwenyekiti wake alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo, mtu ambaye ungedhani amekubaliana nawe mpaka uone mambo yamekwenda atakavyo yeye. Watu walikuja wengi. Wachache walikuja na mapanga, wakasema wametoka shambani moja kwa moja, ingawa ilikuwa siku ya mapumziko. Mkuu wa idara naye alikuja, amevaa kofia mpya, akasimama kivulini. Kivuli chenyewe kilikuwa cha mikaratusi.

Bibi Shamba alipewa nafasi aseme. Alikuwa amejiandaa kueleza mizizi na mvuke, akaanzia kwingine.

"Miti hii haikuletwa na Mzee Nguzo," alisema. "Ililetwa na ofisi yetu. Hapa palikuwa kinamasi na watu walikuwa wanaugua, akaambiwa apande, akapanda, akapongezwa. Kijitabu hakikusema hivyo. Ilipasa kiseme."

Mkuu wa idara aliivua kofia akaitazama ndani, kama aliyepoteza kitu humo. Mzee Nguzo, aliyekuwa amekaa juu ya gogo na dada yake pembeni, hakutikisika.

Ndipo Bibi Shamba akaendelea na yaliyomleta. Mikaratusi iliyo karibu na chemchemi na ile iliyosimama kwenye udongo mbichi iondolewe. Iliyo juu kabisa, kwenye mgongo mkavu wa kilima, ibaki. Huko haimdhuru mtu. Mteremko uchimbwe makinga maji, mitaro ya kulaza inayokata kilima kwa upana, ili mvua ikae iingie ardhini badala ya kupita mbio na udongo wa watu. Miti ya asili ipandwe, ng'ombe wazuiwe.

"Na maji yatarudi lini?" aliuliza mmoja wa wenye mapanga.

"Siwezi kuahidi."

Minong'ono ikatembea. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba huyu naye, katoka na gari lote hilo kuja kusema hawezi kuahidi. Mwenyekiti akainua mkono, lakini kabla hajasema Mzee Nguzo alikuwa ameshasimama.

"Nitakata mwenyewe," alisema. "Mti wangu asiuguse mtu. Na mitaro sichimbi, mgongo wangu hauna tena mitaro ndani yake. Mnaokunywa mtachimba."

Watu walicheka, na kile kicheko ndicho kilichomaliza mkutano.

Alianza kukata kabla ya mvua, kwa msumeno wa mkono, mti mmoja kwa wakati. Hakuwa na pupa. Alizunguka mti, akautazama juu, akaupiga konzi, ndipo akapiga magoti. Dada yake alivuka kijito kila asubuhi kuja kushika kamba ya kuelekezea mti unapoangukia, kazi ambayo hakuwahi kuifanya na ambayo aliifanya huku akitoa amri.

"Vuta kwako," Mzee Nguzo alisema.

"Kwangu wapi? Kwangu ni kule ng'ambo."

"Vuta, wewe mwanamke, mti haungoji."

"Umengoja miaka yote hii, utangoja nivute pumzi."

Kaka mtu alikaa barazani kwa kipindi chote cha mwanzo, mgongo umeelekea kilimani. Lakini nguzo zilipoanza kurundikana akashindwa kuvumilia; nguzo ikilala kwenye unyevu huingia wadudu. Akashuka na mnyororo na ng'ombe wawili wa kukodi, akaanza kuzivuta kwenda juu. Hakumsemesha mtu. Kazi ilisonga.

Bibi Shamba alikuja siku ambazo hakuwa ofisini. Kisiki cha mkaratusi hakikubali kufa. Ukikiacha, mwezi haupiti kimeshatoa machipukizi kichwa kizima. Ilibidi kuyabandua, na kukichuna kisiki gamba mpaka chini ya udongo. Alipiga magoti upande mmoja na baba yake upande mwingine, kila mtu na panga lake dogo. Habari ya mchoro haikutajwa. Mara nyingi haikutajwa habari yoyote. Siku moja baba alisema kisiki hiki kina roho ya paka, naye akasema ndiyo, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo ya asubuhi nzima.

Wanaokunywa walichimba. Wengine walichimba vizuri, wengine walikwaruza ardhi wakapiga picha. Mvua za mwaka ule zilikuwa chache, na kiangazi kilipofika chemchemi haikurudi. Ilitoa uzi uleule. Mteremko ulibaki uchi, jua likaingia katika nyumba ya Mzee Nguzo kwenye vyumba ambavyo havikuwahi kuliona, naye akahamisha kitanda.

Watu walianza kusema. Walisema miti imekatwa bure, walisema serikali ni ileile, kupanda ni yenyewe na kung'oa ni yenyewe. Kwenye ukuta wa duka la bondeni mtu alibandika ule ukurasa wa katikati, na kando ya mchoro wa kulia, wenye maji mengi, akaandika kwa kalamu: Yako wapi? Mkuu wa idara alimwita Bibi Shamba, akamwambia kwa upole kwamba bonde lile si lazima aliendee sana kwa sasa, kuna wakulima wengine pia wanaohitaji huduma. Akajibu ameelewa. Jumamosi akaenda.

Alimkuta baba yake amesimama chemchemini na kikombe cha bati.

"Yameongezeka?" aliuliza.

"Hayajaongezeka." Mzee alikinga kikombe, akangoja, akanywa. "Hayajapungua pia. Mwaka jana wakati kama huu yalikuwa yamepungua."

"Una hakika?"

"Sina hakika. Ninakumbuka hivyo. Kumbukumbu ya mzee nayo ni ya kuangaliwa."

Bibi Shamba alitegemea kusikia lawama, na alikuwa amejikaza kuipokea. Haikuja. Baba alimnyoshea kikombe, akanywa naye. Maji yalikuwa na ladha ya majani yaliyooza, baridi kuliko alivyotarajia. Kisha wakapanda kuangalia miche ya asili. Mingi ilikuwa imekauka. Iliyobaki walikuwa wameizungushia miiba, na shangazi, bila kuombwa, alikuwa akiimwagia maji aliyooshea vyombo, akiyabeba kuvuka kijito.

Mvua zilizofuata zilikuwa za kweli. Makinga maji yalijaa mpaka juu, na mmoja kati ya ile mitaro iliyokwaruzwa ukapasuka, ukasomba kitalu chote cha maharage cha jirani. Jirani alikuja amefura, wakasemana, wakatulia, na siku iliyofuata watu wakarudi kuuchimba upya, safari hii kwa kina. Yule aliyeuliza maji yatarudi lini ndiye aliyewasimamia, akawa mkali kuliko mwenyekiti.

Kiangazi kilipofika, uzi haukuwa uzi tena. Haikuwa ile chemchemi ambayo wazee walisema zamani ilisikika ukiwa barazani, wala haikujaza bonde. Lakini dumu lilijaa kabla mtu hajamaliza kuchambua sahani moja, na shangazi akalalamika kwamba sasa hapati muda wa kusikia habari za watu. Chini ya chemchemi baadhi ya wanawake walifungua matuta ya mboga, wakayatandazia nyasi kama kijitabu kilivyosema, ingawa walisema wao walijua hivyo tangu zamani. Pengine walijua. Bibi Shamba aliandika taarifa fupi kwa mkuu wa idara. Aliandika kwamba maji yameongezeka, kwamba mvua zilikuwa nzuri, na kwamba hawezi kusema kwa hakika kipi kimefanya kipi. Mkuu alifuta sentensi ya mwisho, akaipeleka juu.

Kaka yake alirudi kumsemesha siku asiyoitegemea, kwa simu, akitaka kujua kama mgongoni mwa kilima anaweza kuongeza safu za mikaratusi au naye atachorwa. Alimwambia aongeze, ila asishuke chini ya lile jiwe kubwa pale mteremko unapoanza. "Haya," akasema kaka, na akakata simu bila kuaga, kama alivyozoea kabla hawajakosana.

Kisha baba akapiga.

"Kuna mtu ameleta pampu," alisema.

"Pampu gani?"

"Ya mafuta. Mpira wake mnene kama mkono wangu. Ni huyu kijana anayelima nyanya, aliyenunua shamba pale chini. Anataka kuitumbukiza chemchemini. Anasema maji yapo, ana haki kama wengine."

"Ana haki. Kwa kiasi."

"Ndiyo maana nakuita wewe. Mimi ningemwambia hana."

"Umemwambia nini?"

"Nimempa kiti."

Bibi Shamba aliacha kila kitu mezani kama kilivyokuwa, akamwambia mhudumu wanaosubiri awaandikie shida zao. Alipofika bondeni jua lilikuwa bado kali. Aliwakuta wamekaa kwenye baraza, baba yake na kijana wa nyanya, pampu katikati yao kama mgeni wa tatu, na kila mmoja ana kikombe cha chai mkononi. Walikuwa wakizungumza habari za bei ya mbegu. Kule mteremkoni mwenyekiti wa kamati alikuwa anakuja taratibu na mwavuli wake, nyuma yake shangazi na wanawake wengine wawili, nyuso zimekunjwa.

Kijana alimwona, akainuka, akaanza kujieleza yote kwa pamoja: mkopo wa mbegu, miche inayonyauka, watoto.

"Kaa kwanza," Bibi Shamba alimwambia. Akavuta kigoda, akaketi mkabala naye, akauangalia ule mpira mnene uliojiviringisha sakafuni. Baba yake alikuwa anamtazama, na safari hii redio ilikuwa imezimwa kabisa.

"Shamba lako lina ukubwa gani," alimuuliza kijana, "na unamwagilia saa ngapi?"